Mpaka Usioguswa

Mpaka kati ya shamba la baba yangu na la kaka yake, kule nyumbani Bungoma, ulikuwa ua wa lantana. Ulinichosha roho kuliko kitu kingine chochote maishani mwangu, wanaume wakiwemo. Hata leo nikipita mahali nikaona vile vichaka vyenye maua ya manjano na mekundu, na mtu amesimama mbele yake apigwe picha, ati mapambo, huwa nasonya kwa sauti. Watu hunigeukia. Wageuke tu.

Babu ndiye aliyeupanda. Wanawe wawili waligombania mgomba uliokuwa katikati ya shamba, wakashikana mashati mbele ya wake zao, na mzee wa watu akachoka. Akaung'oa mgomba wenyewe, akaenda akaomba vijiti vya lantana kwa jirani aliyezungushia nyumba yake, akavichomeka kwa mstari kuanzia barabarani hadi mtoni. Kisha akawaita wanawe akawaambia: huu ndio mpaka, atakayeutia panga ameiba ardhi ya ndugu yake. Haukupita muda akafariki, na kwetu neno la marehemu halina wa kulipinga.

Sasa wewe niambie, lantana inajua wasia? Ile kitu ilikua. Ndege walikula matunda yake wakaenda kunya mbegu huku na huku, na matawi yaliyogusa ardhi yakaota mizizi. Mstari ambao babu aliuruka kwa hatua moja ukawa kichaka ambacho ungeweza kuficha ndani yake fahali na mkokoteni. Kiliingia kwetu, kikaingia kwao. Safu za mahindi zilipungua kila msimu, pande zote mbili, na ndugu wawili wazima, mmoja karani, mwingine mzee wa kanisa, wakatazama tu. Ukikata upande wako, mwenzako atasema unasogeza mpaka. Akikata wake, wewe utasema vivyo hivyo. Basi wote wakakaa kwa adabu, lantana ikala shamba. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Sisi watoto wa karani tulizaliwa Kitale, tukalelewa mtaa wa Kibomet, kwa hiyo ua ule kwetu ulikuwa jambo la Disemba. Tulienda nyumbani, tukala na binamu zetu yale matunda meusi yaliyoiva mpaka ndimi zikageuka rangi, tukarudi Kitale. Ya kijani tulikatazwa. Kwa nini tulikatazwa, hakuna mtu mzima aliyejisumbua kutueleza. Tuliambiwa tu ni mabaya, kama tulivyoambiwa kupiga mluzi ndani ya nyumba ni vibaya.

Wa kumfikiria katika habari hii ni mama yangu. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, Friziani, mweusi mwenye mabaka meupe, aliyempata akiwa ndama kutoka shamba moja la upande wa Kachibora. Aliletwa nyuma ya pikapu akiwa amelala juu ya magunia, mguu wake mmoja mgonjwa, na mwenye shamba alikuwa amemkatia tamaa. Mama alimlea kwa chupa. Alimjengea boma la mabanzi nyuma ya nyumba yetu, akawa anamkatia majani ya nepia, anamletea, anampangusa chuchu kwa maji ya moto kila asubuhi utadhani ni mgonjwa wa wodini. Kwa desturi yetu ng'ombe ni mali ya mwanamume, lakini huyu hata Baba mwenyewe alipomwonyesha mgeni alisema, "Huyo ni wa mama." Kibomet nzima ilimwita Mama Maziwa. Walimu, mapolisi, akina mama wa sokoni, wote walipiga foleni mlangoni kwetu na chupa zao kabla jua halijapanda, na Mama aliwasemesha kila mmoja alivyotaka yeye. Alipendwa, na alijua anapendwa.

Halafu, miaka ya themanini ikiwa inaisha, Baba akastaafu kwenye ghala la mahindi alikokuwa karani, na kama wanaume wote wa rika lake, akapagawa na neno nyumbani. Nyumbani, nyumbani, asubuhi nyumbani, jioni nyumbani. Mama hakutaka. Mwisho alikubali kwa sharti moja, na nilikuwepo alipolitoa, kwa sababu wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi papo hapo Kitale na nyumba ya Kibomet ndiyo niliyokuwa naachiwa.

"Mzee, mimi nakuja na ng'ombe wangu," Mama alisema. "Na ng'ombe wangu hawezi kukaa karibu na ile lantana. Watu wa mashamba makubwa huku wote wanaing'oa. Wanasema inaua mifugo."

"Nitaongea na kaka," Baba akasema.

"Utaongea lini?"

"Tukifika."

Jamani, yale maneno! Baba yangu ghalani alikuwa mtu ambaye madereva wa malori walivua kofia wakimwona. Alikuwa akikataa gunia la mahindi mabichi, limekataliwa, hata ulie. Lakini mbele ya kaka yake aligeuka mtoto wa kutumwa kuni. Walifika. Hakuongea. Wiki ya kwanza kaka alikuwa na mafua. Iliyofuata kulikuwa na matanga. Baadaye, ati kaka ameonekana ana mawazo, si vizuri kumwongezea.

Mama akajenga boma mbali na mpaka, akapanda nepia yake, akanyamaza. Wanawake wa boma la shemeji yake walimwita mama wa taoni, wakamcheka kwa kuvaa gambuti akienda kukamua. Kilichowanyamazisha ni maziwa. Baba Mkubwa alikuwa na mjukuu wa kike, mtoto mdogo anayetambaa na kusimama, ambaye mama yake alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi. Mtoto yule alikuwa amedhoofika kwa uji mtupu. Mama akaanza kumpelekea kikombe cha maziwa asubuhi na jioni. Mtoto akanenepa, mashavu yakajaa, na wale wanawake wakaanza kumsalimu Mama kwa heshima. Aliniambia nilipomtembelea, "Mwanangu, huyu ng'ombe ndiye ananisemea hapa. Bila yeye mimi ni mgeni tu." Na ng'ombe alikuwa na mimba. Mama alikuwa ameshaahidi kwamba ndama akiwa jike, atabaki katika boma lile milele, awe kizazi chake.

Kisha likaja jua la Januari na Februari, lile linalokausha kila kitu Bungoma mpaka nyasi zinavunjika ukizikanyaga. Siku moja Mama alienda soko la Chwele. Baba Mkubwa akapita, akamwona ng'ombe amesimama ndani ya boma peke yake, akamwonea huruma. Ndiyo, huruma! Hilo ndilo linalonitia uchungu zaidi. Angekuwa mchawi ningemlaani nikamaliza. Alisema, ati hii ng'ombe imefungiwa kama mahabusu, acha ipate hewa. Akaitoa, akaenda kuifunga kwenye ua wa lantana pamoja na ng'ombe zake za kienyeji, maana tangu zamani ng'ombe wa boma lile hufungwa pale, wapate kivuli na nyasi za kando ya barabara.

Ng'ombe za kienyeji zimezaliwa kando ya lantana. Zinaijua. Zitakaa na njaa kutwa nzima pua zikigusa majani yale, na hazitii hata moja mdomoni. Lakini huyu wa Mama alikuwa amelelewa Kibomet, amezoea kuletewa. Kwake yeye, chochote cha kijani kilicho mbele ya pua kimeletwa na Mama. Akala. Kamba ilikuwa fupi, nyasi zilikuwa zimekauka, na yeye alikuwa na tumbo la watu wawili. Alikula lantana asubuhi mpaka jioni kwa imani kabisa.

Habari zilinifikia Kitale kupitia dereva mmoja aliyemjua Baba. Ng'ombe ni mgonjwa, Mama halali. Ijumaa ile niliwatoa watoto darasani, nikafunga dirisha, nikaondoka. Nilipoingia bomani niliona kitu ambacho mpaka leo sijakisamehe. Ng'ombe alikuwa amefungwa katikati ya uwanja, juani, saa ya jua kali. Pua yake ilikuwa imepasuka kama kisigino cha mtu anayelima pekupeku. Macho yalikuwa manjano. Na yale mabaka meupe yalikuwa yanabambuka, ngozi inaning'inia vipande vipande, nyama nyekundu chini. Mabaka meusi hayakuwa na kitu. Huwezi kuamini mpaka uone, ugonjwa umefuata rangi, umechagua palipo peupe tu.

"Mbona yuko juani?" niliuliza hata kabla ya salamu.

Baba Mkubwa alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini, yeye mwenyewe kivulini. "Mwalimu, karibu. Hii ng'ombe imezoea baridi ya Kitale. Wacha ipigwe na jua, itazoea."

"Lakini anatetemeka! Anavuta kamba aende kwenye kivuli, hamuoni?"

"Ndiyo hiyo baridi inatoka."

Nilitaka kupiga kelele. Kumbe hayo yalikuwa madogo. Jirani mmoja alikuwa ameshasema ni ndigana, ule ugonjwa wa kupe, akamchoma matezi kwa chuma cha moto, ng'ombe ambaye hana tezi hata moja iliyovimba. Mwingine akasema ni upele, wakampaka oili chafu ya gari kwenye vidonda, wakamrudisha juani na ile oili, akaangike vizuri. Watu wa maombi walikuwa wamekuja pia, na hao wakasema ni jicho. Kuna mtu amemtazama ng'ombe kwa wivu. Wanawake wa boma lile wakaanza kutazamana wenyewe kwa wenyewe, na wawili walikuwa hawasemeshani kuhusu jicho la nani. Kila mtu alikuwa na dawa, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kutazama ule ua, ambao matawi yake palipofungwa ng'ombe yalikuwa yameliwa mpaka yakabaki vijiti.

Mama alikuwa ameketi chini karibu na kichwa cha ng'ombe, ameinua leso kwa mikono miwili kumkinga na jua. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Nimewaambia. Hawanisikii. Nikimtoa, wanamrudisha."

"Na Baba?"

"Anasema ataongea na kaka yake."

Kesho yake asubuhi nilienda Bungoma mjini nikamleta daktari wa ng'ombe, nikamkokota kwa maneno mpaka akachoka kunikatalia. Hakukaa hata dakika mbili. Alifunua kope la jicho, akatazama mavi yaliyokuwa magumu kama mawe, akatazama yale mabaka, akainua macho akauona ua. "Amekula hii," akasema. Akaeleza kwamba sumu ya lantana inaharibu ini, na ini likiharibika, jua linaichoma ngozi nyeupe kama moto. Tumweke gizani. Tumpe maji mengi na mkaa uliosagwa. Akipona ni bahati. Na hii kitu ing'olewe, na mizizi yake, maana hata watoto wakila yale matunda ya kijani yanaweza kuwamaliza.

"Daktari," Baba Mkubwa akasema kwa upole wake ule wa kanisani, "ng'ombe zangu zinafungwa hapo tangu enzi ya marehemu mzee. Haijakufa hata moja. Sasa utasemaje ni hiyo maua?"

"Zako haziili, mzee. Huyu amekula."

"Hiyo ni mambo ya vitabu, bana."

Daktari alijifuta mikono. Akachukua mkoba wake akaenda zake. Sikio la kufa halisikii dawa, na siku ile sikio lilikuwa la mzee wa kanisa.

Nilituma ujumbe shuleni kuomba ruhusa, nikabaki. Giza tulilitafuta wapi? Boma halikuwa na paa la maana. Basi Mama alifanya jambo lililotangazwa mpaka soko la Chwele: alimwingiza ng'ombe jikoni. Alihamisha sufuria na mafiga nje, akaziba dirisha kwa gunia, akamlaza ng'ombe pale alipokuwa akipikia, naye akawa anapika uwanjani. Wanawake walipita wakiziba vinywa kwa leso. Ati mke wa karani anaishi na ng'ombe. Baba aliona aibu akaanza kushinda kwa majirani. Mama hakujali. Alimnywesha mkaa kwa chupa ya aina ileile aliyomlelea, akamwosha ile oili kwa sabuni na maji ya vuguvugu, na usoni mwake hakukuwa na hasira wala nini, ila woga. Alikuwa anaogopa wazi kama mtu aliye na mtoto hospitalini.

Ndama alitoka kabla ya siku zake, amekufa. Alikuwa jike. Mama alimfunika kwa leso yake nzuri, na Baba akachimba shimo. Nilipomwambia Baba kwamba sasa basi, imetosha, apeleke panga kwenye ule ua, alisimama na jembe mkononi akasema, "Kaka ameita wazee."

Wazee walikuja. Liguru, yaani mkuu wa kijiji, na wenzake, wakapangwa kwenye viti vya kanisa chini ya mti wa parachichi. Wakaanza na maombi. Wakafuata na historia ya ukoo. Wakauliza kama hakuna chai ya maziwa. Mungu wangu! Maziwa! Mama aliwapelekea turungi, chai nyeusi tii, akaweka chini bila neno, na mmoja akanung'unika kwamba siku hizi wageni hawaheshimiwi.

Kisha wakaingia kwenye jambo lenyewe. Ikaonekana hivi: hakuna anayekataa ua upunguzwe. Baba Mkubwa anakubali, Baba anakubali. Lakini ili upunguzwe bila mtu kuiba, lazima kwanza mstari wa babu uonekane. Mstari hauonekani kwa sababu lantana imeufunika. Ili uonekane, lantana ikatwe. Lakini haiwezi kukatwa kabla mstari haujaonekana. Nawaapia, watu wenye mvi walizunguka hapo mchana kutwa, wakitikisa vichwa kwa hekima, na kila aliyesimama alirudia yaleyale kwa methali tofauti. Mwisho wakaamua tungoje mvua inyeshe, tulime, tuvune, halafu wakae tena.

Nilisimama. Nikasema, "Wazee wangu, pole, lakini ng'ombe yuko jikoni anabambuka ngozi. Nyinyi mnasema mavuno?"

"Mwalimu," liguru akasema, "hii si darasa yako. Keti."

Sijui ningejibu nini, kwa sababu hapo hapo tulisikia Mama anapiga ukemi.

Watu wazima wote walikuwa kikaoni au wakichungulia kikao, na yule mjukuu wa Baba Mkubwa alikuwa ameachwa atambae. Maziwa hakuwa akipata tena, ng'ombe alikuwa amekauka. Alikuwa na njaa. Watoto wakubwa walikuwa wameshachuma matunda yote yaliyoiva, yakabaki ya kijani, na mtoto mdogo anajua rangi gani? Mama alimkuta ameketi chini ya lantana, mdomo umejaa, anatapika, shingo haikai, mboni za macho zimefunguka kubwa hata hazimwoni mtu. Mama hakuomba ruhusa kwa mtu. Alimkwapua, akamfunga kifuani, akaruka nyuma ya baiskeli ya wa kwanza aliyepita barabarani, wakaenda hospitali. Nyuma yake wazee walikuwa bado wanatafuta viatu vyao.

Mtoto alipona. Walimwosha tumbo, wakamtundikia maji, na kesho yake Mama akarudi naye amemlaza begani. Boma zima lilitoka kumlaki, wanawake wakapiga vigelegele. Baba Mkubwa alilia kweli kweli, machozi yakishuka mashavuni, akamshika Mama mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mulamwa," alimwita, yaani shemeji kwa lugha yetu, "umeniokolea mtoto. Mungu akubariki. Kuanzia leo nimesema, mtoto yeyote nitakayeona karibu na hiyo ua, nitachapa."

Mama alimweka mtoto vizuri begani. "Utachapa watoto?"

"Nitachapa kabisa."

"Na ua?"

"Si wazee wamesema tungoje mavuno?"

Mama alimrudishia mjukuu wake. Alienda jikoni, akatoa mablanketi yetu mawili ya kumkinga ng'ombe na jua njiani, akafunga nguo zake kwenye leso. Alfajiri ya pili yake nilikuwa nimempata mwenye lori aliyekuwa anarudi Kitale mtupu. Baba alisimama mbele ya lori, ameshika kofia. Baba Mkubwa akasema kwa mshangao wa kweli, "Mulamwa, mwanamke haachi boma kwa sababu ya ng'ombe."

"Basi mimi naacha," Mama akasema, akapanda nyuma, akaketi karibu na kichwa cha ng'ombe.

Baba hakuja na sisi. Nilimkasirikia njia nzima, kuanzia Bungoma mpaka tulipoanza kuona mashamba ya Kitale. Kibomet tulimweka ng'ombe kwenye chumba nilichokuwa nikisahihishia madaftari. Watu wakaja na chupa zao, wakaambiwa hakuna maziwa, wakaacha chupa wakaenda kumkatia majani. Polepole alianza kula. Ngozi ikaota upya, ila palipokuwa peupe pakabaki na makovu, manyoya machache. Siku alipolamba mkono wa Mama kutafuta chumvi, Mama alilia kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze.

Mvua ilikuwa imeshanyesha Baba alipotokea mlangoni. Amekonda, suruali imeshikwa na mkanda uliotobolewa upya. Alipokea kikombe cha turungi kwa viganja, si kwa vidole, na hapo ndipo Mama alipoitazama mikono yake. Ilikuwa imechanika kote. Miiba ya lantana ilikuwa imeingia ndani ikaoza, vidole vimevimba, kucha moja haipo.

"Nimeng'oa," Baba akasema. "Na mizizi. Peke yangu."

Mama alileta sindano, akaipitisha kwenye moto, akaketi mbele yake akaanza kumtoa miiba mmoja mmoja. Moyo wangu ulilainika nusu. Nilikuwa tayari kuwasamehe wanaume wote wa Bungoma.

"Na kaka yako alisema nini?" Mama akauliza bila kuinua kichwa.

"Alikaa na kigoda chake upande wake, akinitazama. Hakunizuia."

"Upande wake?"

Baba akageuza uso mlangoni.

"Mzee. Umeng'oa ua wote?"

"Nimeng'oa upande wetu. Mpaka katikati. Ile nyingine ni yake, siwezi kugusa kitu ya kaka."

Sindano ilisimama hewani. "Na yule mtoto?"

"Ako mzima. Anaanza kutembea vizuri."

"Anatembea wapi?"

Sote watatu tulijua boma lile na tulijua mtoto anatembelea wapi. Mama alishusha mkono wa Baba, akaufuta damu kwa pamba, akachukua wa pili. Alitoa miiba yote mpaka ikaisha. Kisha akachomeka sindano kwenye kitambaa.

"Mimi sirudi," akasema.

"Kwa hiyo umechagua ng'ombe." Sauti ya Baba ilikuwa imevunjika.

"Nimechagua pahali ambapo nikisema kitu kinaua, sitaulizwa kiko upande wa nani."

Baba aliketi pale, mikono imefungwa vitambaa, imelala magotini. Nje ng'ombe alikuwa anasugua shingo yake kwenye mbao za boma. Baba akamaliza ile chai nyeusi yote, akaweka kikombe chini, akauliza siku hizi majani ya ng'ombe tunakata upande gani.